Kupitisha kompyuta nzima kwenye Tor: kinachofichika na kinachobaki wazi

#1 Nyaya Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nafungua uzi huu kwa sababu kuna ushauri mmoja unaorudiwa kila mahali: sakinisha programu fulani, bonyeza kitufe, kompyuta yako yote itapita Tor, ule mtandao wa kuficha utokako, na hakuna atakayekujua. Nusu ya kwanza ni kweli, programu hizo zipo na zinafanya kazi. Nusu ya pili inaweza kumponza mtu. Wanaosoma ushauri huo wamo watoa taarifa za ufisadi, waandishi wa habari wanaolinda vyanzo vyao, na watu waliotoroka wenza wakatili ambao hawataki wajulikane walipo. Mtu wa namna hiyo tukimwambia yuko salama wakati hayuko, sisi ndio tuliomweka hatarini.

Nianze na mtandao wenyewe, maana bila kuuelewa haya mengine hayashikiki.

Wazo lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, kwa kazi ya Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag. Tor tunayoijua ilianza kufanya kazi mwaka 2002, ikijengwa na Roger Dingledine na Nick Mathewson pamoja na Syverson huyohuyo, na maelezo ya muundo wake yakatolewa hadharani mwaka 2004. Tangu Desemba 2006 inalelewa na shirika lisilo la faida, Tor Project. Relei zake, yaani kompyuta zinazopokezana trafiki, ni maelfu, na nyingi zinaendeshwa na watu wa kujitolea.

Kompyuta yako huchagua relei tatu, kisha hufunga data kwa tabaka tatu za usimbaji, kama maganda ya kitunguu. Kila relei humenya ganda lake tu. Ya kwanza inaijua anwani yako ya IP ila haijui unakokwenda. Ya mwisho inajua unakokwenda ila haijui umetoka wapi. Ya kati haijui hili wala lile. Njia hiyo huitwa saketi, na ikishatumika dakika 10, miunganisho mipya hupewa saketi nyingine.

Relei ya kwanza, tunaiita mlinzi, haibadilishwi ovyo. Unaweza kukaa nayo miezi. Wengi wakiona hivyo hudhani Tor imeharibika, wanaanza kuilazimisha ibadilishe. Msifanye hivyo. Anayemiliki relei yako ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja anaweza kulinganisha muda na wingi wa data inayoingia na inayotoka, akakufahamu bila kuvunja usimbaji wowote. Ukibadilisha mlinzi kila saa, uwezekano wa kuangukia mikononi mwa mtu huyo unapanda kila saa. Udhaifu huu wa kulinganisha ncha mbili waliousanifu mtandao waliukiri tangu 2004, na haujaondoka.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Tor ikiwashwa haimezi trafiki yote. Hukaa ikisubiri kwenye poti ya SOCKS, yaani mlango ambao programu huelekezwa ipitishie data yake, 9050 kwa Tor ya kawaida na 9150 kwa ile inayokuja ndani ya Tor Browser. Programu isiyoelekezwa pale haipiti pale. Ndiyo maana Tor Browser ikiwa wazi, programu yako ya barua pepe pembeni inaendelea kutumia njia ya kawaida kama hakuna kilichotokea.

Wanaotaka kupitisha kila kitu wana njia kadhaa. Kuna torsocks, ambayo hukaa kati ya programu na maktaba za mfumo, ikidaka maombi ya kuunganisha na kuyapeleka Tor. Ni nzuri kwa programu moja moja za Linux, lakini programu iliyobeba maktaba zake zote ndani yake (nyingi za lugha ya Go ziko hivyo) huikwepa bila hata kujua ipo. Kuna skripti za iptables, yaani faiwoli ya Linux, zinazosukuma trafiki yote hadi kwenye TransPort, mlango wa Tor unaopokea hata trafiki ya programu zisizojua kuwa Tor ipo. Hizi ndizo zinazouzwa kwa maneno ya "kitufe kimoja". Halafu kuna mifumo iliyojengwa tangu chini kwa kazi hii: Tails na Whonix.

Mahali pa kwanza panapovuja ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Programu ikiuliza jina kwa mtoa huduma wako wa intaneti, kisha ikapeleka data kupitia Tor, mtoa huduma ameshajua unakwenda wapi. Pili ni UDP, namna ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho kwamba imefika. Tor inabeba TCP tu, ile namna inayosubiri uthibitisho. Simu za video, michezo mingi ya mtandaoni na ping hazipiti humo, kwa hiyo lazima zizuiwe. Skripti iliyoandikwa vibaya inaziacha zitoke kwa njia ya kawaida. Tatu ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4: skripti nyingi zinaweka kanuni za IPv4 peke yake, na IPv6 inabaki mlango uliosahaulika.

Haya matatu yanazibika. Linalonisumbua zaidi ni la nne, nalo halizibiki kwa faiwoli. Kompyuta yako ya kila siku inakujua kwa jina. Ukiipitisha nzima kwenye Tor, umelipitisha na jina lako.

Msimamo wangu ni huu. Kama unataka kusoma tovuti bila kufuatiliwa, tumia Tor Browser na uiache kompyuta iliyobaki ilivyo. Kama kweli unahitaji kila kitu kipite Tor, usiitumie kompyuta yako ya kila siku hivyo ilivyo, chukua Tails au Whonix. Hizi programu za kitufe kimoja juu ya mfumo wa kawaida simshauri mtu yeyote mwenye adui wa kweli.

Karibuni.

#2 Kitasa Cheusi

Mkuu shukrani kwa somo, ila sehemu ya mwisho naomba nikupinge. Mimi natumia skripti ya iptables. DNS inapita Tor, IPv6 nimeizima, UDP imezuiwa. Nikiingia kwenye ukurasa wa kukagua wa Tor Project naambiwa natumia Tor. Kwa hali hiyo jina langu linatokea wapi?

#3 Nyaya Ndefu

Mkuu Kitasa, umefanya kazi nzuri kuliko wengi, na mvujo wa anwani umeuziba. Lakini ukurasa ule unakwambia jambo moja tu, kwamba ombi lile la kivinjari kile lilitokea kwenye relei ya Tor. Hausemi lolote kuhusu programu nyingine zinazozungumza wakati huohuo.

Hebu zihesabu. Ukiwasha kompyuta, barua pepe inaingia kwa nywila yako. Hifadhi ya mtandaoni inasawazisha mafaili ya akaunti yako. Programu ya ujumbe imefungwa kwenye namba yako ya simu. Programu zinazojisasisha, nyingi zinatuma namba ya utambulisho wa usakinishaji wako. Zote hizo sasa zinapita TransPort. Na TransPort haiambiwi ni programu ipi imetuma nini, inaona tu anwani ya mwisho na poti. Usipoipangia vinginevyo, Tor inaweza kuziweka kwenye saketi moja zitokee relei moja.

Sasa tuseme umeandika jambo zito kwenye tovuti fulani bila jina. Tovuti ile ina kumbukumbu: saa fulani, kutoka relei fulani. Mwenye huduma yako ya barua pepe naye ana kumbukumbu: saa ileile, relei ileile, na jina lako kamili. Anayeweza kuzipata kumbukumbu zote mbili hahitaji kuivunja Tor. Likitokea mara moja ni bahati mbaya inayoweza kuwa ya mtu mwingine, likijirudia ni ushahidi.

Tor Browser inalizuia hili kwa ufundi ninaouheshimu sana. Kila tovuti unayoifungua inaombewa saketi yake kwa kupewa jina tofauti la mtumiaji wa SOCKS, na Tor haichanganyi majina tofauti kwenye saketi moja. Tovuti mbili ulizofungua pamoja zinakuona ukitokea mahali pawili.

Kuna na alama za kivinjari. Kivinjari cha kawaida, hata kikipita Tor, kina vidakuzi vyako vya zamani, viendelezi vyako, fonti zako, ukubwa wa skrini yako, saa za ukanda wako. Mkusanyiko huo mara nyingi unamtofautisha mtu mmoja na wengine wote. Tor Browser inajitahidi watumiaji wake wafanane: saa inaonyesha UTC, eneo la ukurasa linakatwa kwa hatua za pikseli 200 kwa 100 ili ukubwa halisi wa dirisha lako usijulikane. Ndiyo sababu tunaombwa tusiongeze viendelezi. Kila unachoongeza kinakutoa kwenye kundi.

#4 Msomaji wa Mbali

Mimi bado mgeni kwenye mambo haya. VPN haitoshi? Au nitumie vyote viwili?

#5 Kitasa Cheusi

Ndugu, VPN ni kumhamishia imani mtu mwingine. Mtoa huduma wako wa intaneti haoni tena unakokwenda, lakini kampuni ya VPN inaona anwani yako na unakokwenda, zote pamoja. Wakisema hawatunzi kumbukumbu, wewe huna njia ya kulithibitisha hilo ukiwa nyumbani. Kwenye Tor hakuna relei moja yenye picha nzima. Hapa mimi na mleta uzi tuko pamoja.

#6 Nyaya Ndefu

Kitasa amemaliza. Nichukue swali la kutumia vyote viwili.

VPN ikitangulia halafu Tor, mtoa huduma wa intaneti haoni kwamba unatumia Tor, anaona VPN tu. Ambaye sasa anaona ni kampuni ya VPN. Kwa baadhi ya watu hilo lina maana. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya bomu kwa barua pepe wakati wa mitihani, kosa kubwa ambalo simtetei. Alitumia Tor na huduma ya barua pepe za muda. Hakuna aliyeivunja Tor. Wachunguzi waliangalia nani alikuwa ametumia Tor kwenye mtandao wa chuo katika saa zilizotangulia, wakamfuata, akakiri. Wakuu, Tor inaficha unakokwenda. Kwamba unatumia Tor, aliye karibu nawe kwenye mtandao anaona, isipokuwa ukitumia madaraja, nayo nitayafikia.

VPN ikifuata baada ya Tor ni mbaya zaidi kwa walio wengi. Umechukua mtandao unaobadilisha mahali pa kutokea, ukaufungia kwenye seva moja, kwa akaunti moja uliyoilipia. Kila utakachofanya kinaunganishwa na akaunti hiyo.

#7 Mtambo Baridi

Swali fupi: torenti kupitia Tor, iko sawa?

#8 Nyaya Ndefu

Hapana. Programu nyingi za torenti huiandika anwani yako halisi ndani ya ujumbe unaokwenda kwa seva inayoratibu wagawaji, kwa hiyo hata ujumbe ukipita Tor, anwani iko ndani. Tor Project walilionya hili tangu 2010. Tena torenti hupenda UDP, na inazielemea relei ambazo wenzetu wanazilipia kutoka mifukoni mwao ili wanaohitaji kweli wazitumie. Tuwahurumie.

#9 Njia Panda

Mleta uzi naheshimu mchango wako, lakini kuna hoja umeipita haraka. Unasema Tor Browser inatosha kwa kusoma tovuti. Agosti 2013 FBI walipoishika Freedom Hosting, huduma iliyohifadhi tovuti za ndani ya Tor, watu waliotembelea tovuti zilizokuwa pale walikuwa wanatumia Tor Browser hiyohiyo. Kurasa zikawekewa msimbo ulioshambulia Firefox 17, kivinjari ambacho Tor Browser imejengwa juu yake, kwenye Windows. Msimbo ule ukasoma jina la kompyuta na anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao), ukavituma moja kwa moja kwa seva ya nje BILA kupitia Tor. Anwani halisi ya IP ikajulikana. Kama kompyuta nzima ingekuwa imefungwa isiweze kutoka ila kwa Tor, ule msimbo ungepita wapi?

Na Novemba 2017 likaja lile tatizo lililoitwa TorMoil, la Tor Browser ya macOS na Linux. Kiungo kinachoanza na file:// kiliweza kuufanya mfumo endeshi wenyewe uunganishe moja kwa moja, kivinjari kikiwa kimekaa pembeni. Hapo hakukuwa hata na shambulizi la ndani kabisa, ni kubofya kiungo tu.

#10 Nyaya Ndefu

Njia Panda, umegusa sababu nzito kuliko zote ya kupitisha mfumo mzima. Nakubaliana nawe kwa uzito wote.

Niongeze kwamba tundu la 2013 lilikuwa limeshazibwa kwenye toleo la mwishoni mwa Juni mwaka ule. Waliopatwa ni ambao hawakusasisha. Lakini hiyo haiibatilishi hoja yako, maana Novemba 2016 likatokea tundu jingine la Firefox lililotumika dhidi ya watumiaji wa Tor Browser kabla halijazibwa. Kivinjari ni programu kubwa mno, daima kitakuwa na tundu ambalo bado halijagunduliwa.

Hapa ndipo Whonix inapopendeza. Ni mashine pepe mbili, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Moja, Gateway, inaendesha Tor na ndiyo pekee yenye njia ya nje. Nyingine, Workstation, ndiyo unayofanyia kazi, na waya wake pekee wa mtandao unaishia kwenye Gateway. Workstation haiijui anwani yako ya IP ya nje. Mshambuliaji akivunja kivinjari, akapata hata mamlaka ya juu kabisa ndani ya mashine ile, akiuliza "niko wapi?" anajibiwa anwani ya ndani isiyomsaidia chochote. Ili akupate lazima atoboe na kuta za mashine pepe yenyewe, kazi ya daraja jingine. Wanaotumia Qubes, mfumo endeshi unaotenga kila kazi kwenye mashine pepe yake, wanaipata Whonix ikiwa imeshapangwa ndani.

Linganisha na skripti ya iptables kwenye kompyuta moja. Mshambuliaji akipata mamlaka ya juu anafuta kanuni za faiwoli kwa amri moja. Hata asipozifuta, kompyuta ileile inayashika mafaili yako, majina ya Wi-Fi zinazokuzunguka, namba za vifaa. Mshambuliaji hahitaji kuvunja njia ya Tor, anaweza kukutambua kwa yaliyomo na kuyatuma kupitia Tor yenyewe.

Tails, iliyoanza 2009, imechukua njia tofauti. Unaiwasha kutoka kwenye flashi, kompyuta inaendeshwa nayo badala ya mfumo uliomo. Kila kinachotaka kutoka lazima kipite Tor, kisichoweza kinazuiwa. Ukizima, haibakishi kitu kwenye diski isipokuwa ulichochagua kukiweka kwenye hifadhi yake iliyosimbwa. Edward Snowden na waandishi aliofanya nao kazi mwaka 2013 waliitumia. Tangu Septemba 2024 Tails na Tor Project wameungana kuwa shirika moja.

Na angalia mifumo yote miwili ilivyolitatua lile la nne nililolitaja mwanzo. Unaingia kwenye kompyuta tupu. Hakuna barua pepe yako, hakuna hifadhi yako ya mtandaoni, hakuna vidakuzi vya miaka mitano. Jina lako halimo mpaka uliingize kwa mkono wako, na hapo sasa ni nidhamu yako. Ukiwasha Tails, ukaingia kwenye akaunti yenye jina lako, halafu kwenye kikao hichohicho ukafanya la siri, umeirudisha kompyuta yako ya kila siku ndani ya flashi. Zima, washa upya, ndipo uendelee na jingine.

#11 Msomaji wa Mbali

Nashukuru sana. Na simu je? Wengi wetu hatuna hata kompyuta.

#12 Mtambo Baridi

Nijibu hili, maana natumia. Kwenye Android kuna Orbot ya Guardian Project. Inajisajili kwa mfumo kama VPN, kisha unachagua programu zipi zipite Tor. Mwaka 2025 Tor Project nao wametoa toleo la majaribio la programu yao, Tor VPN, ambayo imejengwa juu ya Arti, Tor iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust. Kwa tovuti, Tor Browser ya Android inajitegemea, huhitaji Orbot.

Kwenye mipangilio ya VPN ya Android washa sehemu ya kuifanya iwe hewani muda wote na ya kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Ila mjue, Oktoba 2022 Mullvad, kampuni ya VPN, walionyesha kwamba hata ukiwasha hivyo Android bado hutuma maombi yake ya kukagua muunganisho nje ya VPN.

#13 Nyaya Ndefu

Mtambo amejibu vizuri. Nami naongeza kwamba simu ina laini, na laini inazungumza na minara muda wote bila kuiuliza Orbot. Mahali ulipo panajulikana na kampuni ya simu hata intaneti yako yote ikipita Tor. Orbot ni ya kuikwepa kuzuiwa na kupunguza ufuatiliaji wa kibiashara, na kwa hayo naipenda. Kwa mtu anayetafutwa, simu yenye laini yake si chombo cha kazi hii.

#14 Mgeni Mwandishi

Nimesikia relei ya mwisho inaweza kusoma unachotuma. Ni kweli?

#15 Kitasa Cheusi

Kama tovuti haitumii HTTPS, ni kweli kabisa. Mwaka 2007 Dan Egerstad, mtaalamu wa usalama wa Uswidi, aliendesha relei tano za kutokea, akasikiliza tu kilichopita. Akanasa nywila za barua pepe za balozi na taasisi za serikali, akachapisha za akaunti 100. Wenye akaunti walidhani Tor inasimba mpaka mwisho wa safari. Tor inasimba hadi relei ya mwisho, kutoka pale hadi kwenye tovuti ni kazi ya HTTPS. Tangu Julai 2022 Tor Browser imewekwa itumie HTTPS tu na ikuonye isipopatikana. Ila programu zako nyingine ulizozisukuma kwa faiwoli hazina onyo hilo. Hapa, mleta uzi, naanza kukuelewa.

#16 Nyaya Ndefu

Ndiyo hasa, mkuu. Programu ya zamani inayotuma nywila bila usimbaji, ukiwa nyumbani inasikika na mtoa huduma wako na mitandao iliyo njiani. Ukiipitisha Tor, inasikika na yeyote aliyejitolea kuendesha relei ya kutokea, na huwezi kumchagua.

Mgeni Mwandishi, kama tovuti unayoitaka ina anwani ya .onion, itumie hiyo. Safari nzima inabaki ndani ya Tor, hakuna relei ya kutokea, na anwani yenyewe, zile herufi na namba 56, imetengenezwa kutokana na ufunguo wa seva, kwa hiyo ukiwa na anwani sahihi huwezi kupelekwa kwa tapeli. BBC wana ya kwao tangu 2019. Hakikisha tu umeipata anwani mahali unapopaamini, maana herufi 56 hakuna anayezikariri.

Jambo jingine ambalo nawaomba mlizingatie: pakueni Tor Browser kwenye torproject.org na mthibitishe sahihi yake. Oktoba 2022 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza nakala ya bandia iliyosambazwa kupitia kiungo chini ya video ya YouTube ya Kichina, iliyokuwa ikikusanya historia ya kurasa na taarifa za kompyuta. Mtu alipakua chombo cha kujificha, akawa amemkaribisha mpelelezi ndani.

#17 Njia Panda

Na penye Tor kuzuiwa? Urusi walianza kuizuia Desemba 2021, China ni miaka mingi.

#18 Nyaya Ndefu

Hapo ndipo madaraja yanapohusika, kama nilivyoahidi. Orodha ya relei za kawaida iko hadharani, kila mtu anaweza kuipakua na kuizuia. Madaraja ni relei ambazo hazimo kwenye orodha hiyo. Zinakuja na njia za kuivisha trafiki sura nyingine: obfs4 inaifanya ionekane kelele tupu isiyo na umbo, Snowflake inaipitisha kwa vivinjari vya watu wa kujitolea ikifanana na simu ya video, na WebTunnel, iliyotangazwa Machi 2024, inaifanya ifanane na mtu anayetembelea tovuti ya HTTPS. Ndani ya Tor Browser unayaomba kwenye mipangilio ya muunganisho. Tails nayo inakuuliza mwanzoni kama unataka kuficha kwamba unatumia Tor. Kwa aliye kwenye hali ya yule wa Harvard, kwa maana ya mtandao wa ndani unaotazamwa, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kufikiria VPN.

Na wewe uliye mahali pasipozuiwa, kama una intaneti nzuri, washa kiendelezi cha Snowflake kwenye kivinjari chako cha kawaida. Hakikugharimu zaidi ya data kidogo, na huendeshi relei ya kutokea, kwa hiyo tovuti hazitaona anwani yako. Kuna mtu usiyemjua atasoma habari kupitia kwako.

#19 Mgeni Mwandishi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nikishaweka Whonix au hata hiyo skripti ya Kitasa, nitajuaje kwa uhakika hakivuji kitu? Sitaki kutegemea ukurasa wa kukagua peke yake.

#20 Kitasa Cheusi

Kwa upande wangu: kwanza endesha ss -tnp, amri ya Linux inayoorodhesha miunganisho, kama msimamizi, uone mchakato wa tor umeunganishwa na anwani ipi nje. Huyo ndiye mlinzi wako, mara nyingine wako wawili. Kisha washa tcpdump, programu inayoonyesha kila pakiti inayopita, kwenye kadi ya mtandao, ukimwambia aiondoe anwani hiyo na akuonyeshe kilichobaki, IPv4 na IPv6. Fungua programu zako zote, zitumie kama kawaida, acha nusu saa. Ukiondoa maombi ya router ya kugawa anwani, skrini inatakiwa ibaki kimya. Ukiona poti 53 kuelekea kwa mtoa huduma, DNS inavuja.

Baada ya uzi huu nimeiendesha tena, na programu zenye akaunti zangu nimezihamishia kwenye mashine nyingine.

#21 Nyaya Ndefu

Hiyo ndiyo njia, na ukiweza endesha tcpdump kwenye router badala ya kompyuta inayopimwa, maana kompyuta iliyovunjwa inaweza kukudanganya.

Kwa Whonix kuna kipimo kingine rahisi. Ukiwa umeiwasha na inafanya kazi, nenda kwenye Gateway uisimamishe Tor kwa sudo systemctl stop tor@default, kisha rudi Workstation ujaribu kila kitu: kivinjari, masasisho, kutafuta jina la tovuti. Kila kimoja lazima kishindwe. Kikipita hata kimoja, mashine ile usiifanyie kazi mpaka ujue kimepita wapi.

Rudia kipimo hicho kila baada ya sasisho kubwa la mfumo.